Sala kwenye kipimo cha gorogoro: imani ya Kikristo katika kazi zetu za kila siku, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Mfanyabiashara wa nafaka, Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu nyote mlio Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko. Nimefungua uzi huu kwa sababu nasikia mahubiri mengi kuhusu Mungu kuibariki kazi ya mikono yetu, na machache mno kuhusu jinsi Mungu anavyotaka kazi hiyo ifanywe. Tunafundishwa kuombea biashara ikue, kuombea cheo, kuombea mkopo ukubaliwe. Kisha Jumatatu asubuhi tunasimama mbele ya mteja, na kwa saa ile hatujafundishwa sala yoyote.

Mimi nauza mahindi, maharagwe na wimbi katika soko la Kibuye. Anayelijua soko hilo anaijua gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao umekuwa kipimo chetu cha nafaka tangu enzi za mama zetu. Mkebe huo unaweza kumwibia mtu kwa njia kadhaa. Kitako hugongwa kwa nyundo kutoka chini hadi kikatuna kuelekea ndani, na mahindi ya kujaza kiganja hayaingii tena. Ubavu hubonyezwa kidogo, upande ule ambao muuzaji anaufunika kwa mkono wake. Yupo pia anayemimina polepole bila kuutikisa mkebe ili punje zikae ovyo na kuacha nafasi, kisha akarundika kilele kizuri juu. Mnunuzi anakiona kilele; kitako hakioni. Naandika haya kwa uchungu, kwa kuwa baadhi ya meza zinazobeba mikebe ya namna hiyo ni za watu tunaosali nao, watu ambao alfajiri wameikabidhi siku yao kwa Mungu kwa machozi ya kweli. Siwaiti wanafiki. Naona tu kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia waziwazi kuwa Mungu anautazama ule mkebe. Mithali sura ya 11 inaanza kwa kusema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Mambo ya Walawi 19 inaweka vipimo vya haki ndani ya sura ile ile inayotuamuru kumpenda jirani kama nafsi zetu. Sisi tumeikariri amri ya upendo, na vipimo tukawaachia maafisa wa serikali.

Jambo ninaloliamini, na ambalo naomba tulijadili, ni hili: sala ya mtu afanyaye kazi inapaswa kuingia hadi ndani ya tendo lenyewe linalomgusa mtu mwingine, yaani pale anapopima, anapolipa, anapoandika hesabu, anapoahidi siku ya kukamilisha kazi. Sala za asubuhi na jioni ni njema, nami nazishika, lakini zikikomea mlangoni pa kazi zimeiacha nje sehemu kubwa ya maisha yetu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Nehemia, ambaye alikuwa mwajiriwa, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Mfalme anamwona ana huzuni, anamuuliza anataka haja gani, na kabla ya kujibu Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni. Yuko kazini, divai iko mezani, mwajiri wake anasubiri jibu. Hakupiga magoti wala hakuomba ruhusa ya kutoka. Sala yote ilitosha katikati ya swali na jibu, na jibu alilolitoa baada yake lilikuwa na mpango kamili: muda wa safari, barua kwa maliwali, miti ya kujengea malango. Tukumbuke vilevile kwamba katika sura ya kwanza mtu huyo huyo alikuwa amefunga na kulia kwa siku kadhaa. Sala ile fupi ilikuwa na mizizi.

Nimelelewa katika kanisa la Marafiki (Quakers) huko Vihiga, na labda ndiyo sababu jambo hili halinitoki. Wamisionari watatu Wamarekani, Hotchkiss, Chilson na Hole, walipofika Kaimosi mwaka 1902, misheni yao iliitwa ya viwanda, na kinu cha kupasulia mbao kilikuwa sehemu ya kazi hiyo pamoja na Injili, darasa na tiba. Tena, Marafiki wa kale wa Uingereza, katika karne ya 17, walijulikana kwa kuweka bei moja kwa kila mnunuzi, kwa sababu waliona kwamba kutaja bei ambayo muuzaji mwenyewe hakusudii kuipokea ni kusema uongo. Sisi wa Kibuye tumezoea kupatana bei, na sidai kwamba kila mapatano ni dhambi. Nauliza tu: mtoto akitumwa dukani, au mgeni asiyejua bei ya soko akija, analipa sawa na yule mjanja?

Karibuni mchangie. Naomba kila mmoja aandike kuhusu kazi anayoifanya kwa mikono yake, maana ya mbali tumeyasikia sana.

Muuguzi, Kakamega

Amani ya Kristo, Mama. Umegusa jambo ambalo nimelibeba kwa muda mrefu.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, tulikuwa na ibada ya asubuhi kabla ya kuwapokea wagonjwa. Ilianza vizuri, wimbo mmoja, neno fupi na sala. Baadaye ikarefuka, zamu za kuhubiri zikaongezeka, na saa ya kufungua ikawa inapita tukiwa bado tunaimba. Nje ya dirisha kulikuwa na kina mama waliotembea tangu alfajiri wakiwa na watoto wenye homa, wakitusikiliza tukimsifu Mungu. Sikuweza kuimba siku hizo. Isaya 58 inazungumza na watu wanaofunga na kuinama vichwa huku wakiwalemea wanaowafanyia kazi, na Mungu anasema waziwazi kwamba hiyo siyo saumu aliyoichagua. Nilikuwa nikiwaza kwamba sisi tulikuwa tunawalemea wagonjwa kwa nyimbo zetu. Tulipoomba kwamba ibada ianze mapema na ikome saa ya kufungua, wapo waliosema tumepoa kiroho. Mimi naamini kinyume chake kabisa, kwa kuwa dakika zile zilikuwa mali ya mgonjwa, na hakuna anayeruhusiwa kumtolea Mungu sadaka ya mali ya mwingine.

Ninavyosali sasa nitaeleza, labda itamfaa mtu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kunawa mikono kwa sabuni na maji katika huduma ya afya kuchukue sekunde 40 hadi 60: kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, kidole gumba, ncha za vidole. Wengi wetu hufupisha kwa sababu foleni ni ndefu. Mimi nimeufanya muda huo kuwa wa kumtaja mgonjwa anayefuata mbele za Mungu kwa jina lililoandikwa kwenye kadi yake. Faida yake ni mbili. Mikono yangu inasafika inavyotakiwa, kwa maana sikatizi sala. Na ninapogeuka kumtazama mgonjwa, jina lake tayari liko mdomoni mwangu, kwa hiyo simwiti "wewe wa kitanda cha tatu".

Mwalimu, Busia

Tumsifu Yesu Kristo. Mama na Dada Muuguzi, nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi, lakini naomba nipinge kidogo kwa upendo.

Nina hofu kwamba fundisho la "sala iliyo ndani ya kazi" likipokewa na watu wavivu wa kusali, na mimi ni miongoni mwa wanadamu wanaochoka, litageuka kuwa ruhusa ya kutosali kabisa. Mtu atasema, "Kazi yangu ndiyo sala yangu," na baada ya mwaka mmoja kazi itakuwa imebaki na sala imetoweka. Danieli alikuwa afisa mkubwa wa serikali, mwenye shughuli kuliko sisi sote, na bado alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Alikuwa na saa zake. Sheria ilipotungwa ya kumzuia, adui zake walijua pa kumkuta kwa sababu saa hizo zilijulikana.

Sisi Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana, alfajiri, adhuhuri na jioni. Haizidi dakika chache. Saa sita mchana, kabla ya kutoka darasani, nikiwa bado na chaki mkononi, naisali kimya, na wanafunzi wengine wameanza kuisali nami bila kuagizwa. Ile saa ya adhuhuri inaukata mchana vipande viwili, na kipande cha pili naanza upya. Bila hiyo, hasira ya somo la asubuhi ningeibeba hadi jioni, na mtoto wa mwisho ndiye angelipia kosa la mtoto wa kwanza.

Naongeza jambo moja kutoka mafundisho ya Kanisa, kwa kuwa wengi hawalijui. Papa Pio wa 12 aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955, siku ile ile ambayo wafanyakazi wa dunia huadhimisha haki zao. Na mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa 2 aliandika waraka mzima kuhusu kazi ya binadamu, Laborem Exercens, akisisitiza kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya. Ninaposahihisha madaftari nalifikiria hilo kwa upande wa pili: daftari lililo mbele yangu ni kazi ya mtu, hata kama limejaa makosa na kurasa zake zimelowa uji. Kulipitisha kwa kulipigia alama ya vema bila kulisoma ni kumdharau aliyeliandika.

Mfanyabiashara wa nafaka, Kisumu

Mwalimu, pingamizi lako nalipokea kwa mikono miwili. Nehemia asingeweza kuomba katikati ya swali la mfalme kama hangekuwa na zile siku za kufunga nyuma yake, nami nililitaja hilo kwa haraka mno. Saa maalumu zinamfundisha mtu lugha, na akishaijua anaweza kuitumia popote. Kwa hiyo tusiziondoe. Ninachokiomba ni kwamba saa zile zituulize swali. Sala ya adhuhuri isiyonifanya niutazame mkebe wangu mchana ule imenipita tu.

Dada Muuguzi, nitalibeba neno lako kwamba hatuwezi kumtolea Mungu mali ya mtu mwingine. Linawahusu pia wanaoajiriwa madukani na kuzama katika vipindi vya maombi vya simu wakati wateja wamesimama, na linatuhusu sisi waajiri tunaowaita wafanyakazi kwenye kesha usiku kucha, kisha tunataka wawe kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Fundi wa ujenzi, Nakuru

Bwana asifiwe. Mimi ni mjenzi. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na sisi wa mjengo tunaiona ikipanda ghorofa kwa ghorofa, basi nitasema ya mjengoni.

Asubuhi nyingi msimamizi anatukusanya, mafundi na vibarua, tunavua kofia, mtu anaomba Mungu atulinde na ajali. Ni sala nzuri na ya lazima. Anayepanda jukwaa la mbao akiwa na karai la zege kichwani haombi kwa mazoea. Lakini nimeona mahali ambapo sala hiyo ilifanywa huku kamba za jukwaa zikiwa zimechakaa na kila mtu anajua. Kumwomba Mungu ashike ubao ambao sisi tumekataa kuupigilia misumari ni kumjaribu, na Shetani alipomwambia Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, jibu alilopewa linatosha kwa kila mjengo.

Hata hivyo lililonifanya niandike ni malipo. Kibarua anakoroga zege tangu asubuhi, jioni anaambiwa arudi kesho, kesho anaambiwa mwenye nyumba hajatuma. Huko nyumbani kuna watu wanaosubiri unga wa siku ile ile. Nimefanya kazi chini ya mwenye mradi mmoja, mtu wa sala ndefu, ambaye vibarua walimdai kwa wiki kadhaa huku akichangisha harambee ya kanisa kwa ukarimu uliotangazwa kwa kipaza sauti. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kwamba maskini aliyeajiriwa alipwe siku hiyo hiyo, jua lisichwe kabla hajapewa, kwa kuwa roho yake inautazamia ujira huo, asije akamlilia Bwana. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe. Ndugu zangu, tufahamu pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, inasema mshahara wa kibarua unastahili kulipwa mwisho wa siku. Sheria ya Musa na sheria ya Kenya zimekutana kwenye jua la jioni, na sisi katikati tunasema "rudi kesho".

Mimi sasa nikipewa kazi ndogo ya kusimamia, naomba kwanza fedha za vibarua ziwekwe kando kabla ya saruji kununuliwa. Mwenye nyumba akikataa, najua mapema. Jioni tunapolipana, nawalipa vibarua kwanza na mafundi mwisho, mimi nikiwa wa mwisho wao. Kisha tunaomba. Nimependa kuiweka sala hapo baada ya malipo, kwa kuwa "amina" ya mtu aliyelipwa ina sauti tofauti. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi anafika shambani na kuwaambia wavunaji, Bwana awe nanyi, nao wanamjibu kwa baraka. Mwajiri wa namna gani anaweza kuibariki kazi na wafanyakazi wakamrudishia baraka kwa moyo? Yule asiyewadhulumu, na anayeacha masuke kwa makusudi ili mjane aokote.

Mfanyakazi wa maua, Naivasha

Nawasalimu. Mimi sina nafasi ya kupima wala kulipa, kwa hiyo swali langu ni la mtu aliye chini. Nafanya kazi kwenye ghala la kupakia waridi. Kuelekea tarehe 14 Februari maua yanatakiwa Ulaya kwa wingi kuliko wakati wowote, na Jumapili zetu huenda. Nimewahi kuambiwa na mtu kanisani kwamba ningekuwa na imani ningekataa. Nina watoto. Mama, Mwalimu, mnasemaje?

Msabato, Homa Bay

Naomba nimjibu Dada wa Naivasha kwa kuwa jambo la siku ya mapumziko tunalijua vizuri. Kanisa letu lilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu wakati huo waumini wamefunga maduka yao siku ya Jumamosi, hata pale ambapo ndiyo siku ya soko. Ni gharama, na tunailipa kwa furaha.

Dada, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake wala asilazimishwe kutenda kinyume cha imani hiyo, na Sheria ya Ajira, kifungu cha 27, inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kwa hiyo zungumza na mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi mapema, mwezi wa Desemba, kabla ratiba haijapangwa. Ombeni pamoja, mkiwa kikundi, kwamba mbadilishane zamu ili kila mmoja apate Jumapili kadhaa. Anayeomba peke yake wiki yenyewe ya pilikapilika huonekana mkorofi. Na yule aliyekwambia huna imani, mwambie akusaidie kuwalea watoto, kisha mzungumze kuhusu imani.

Muuza omena, Kisumu

Wapendwa, nimesoma yote mliyoandika na nimeona nisinyamaze. Nitasema wazi kwa heshima.

Mimi hununua omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ufuoni. Mashua zinakaa ziwani usiku kucha na taa zao, na alfajiri sisi wanawake tunasubiri kwenye mchanga na mabeseni. Wengi wenu wa huku kwetu mnalijua neno jaboya: mwanamke anayetaka kuhakikishiwa samaki anatakiwa kuwa na uhusiano na mvuvi, na bei hailipwi kwa shilingi peke yake. Ufuo ule ule una makanisa, na mvuvi, mwenye mashua na mwanamke, wote watatu huenda wakakutana kwenye ibada ya Jumapili. Nimesikia mahubiri mengi yakimkemea mwanamke kwa uasherati. Sijasikia mengi yakimuuliza mwenye mashua kwa nini kwenye chombo chake samaki hauzwi kwa fedha halali kwa kila anayekuja nazo. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, hakuwaambia waongeze maombi. Aliwaambia wale wasitoze zaidi ya kilichoamriwa, na hawa wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Kila kundi lilipewa agizo la kazi yake. Angekuja ufuoni kwetu, naamini angekuwa na agizo kwa wavuvi.

Sisi katika chama chetu cha akiba tulianza kwa kuomba pamoja kabla ya mashua kurudi, tukiwa tumeshikana mikono gizani. Sala hiyo ilitupa ujasiri wa kuzungumza jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilibeba peke yake kwa aibu. Kutoka hapo tukakubaliana kununua kwa pamoja, kwa fedha za chama, kutoka kwa wenye mashua wanaouza waziwazi, na mwanachama asiye na kitu siku hiyo anakopeshwa mtaji wa beseni lake. Katika fuo kadhaa za upande huu wa ziwa wanawake wamefika mbali zaidi na kumiliki mashua zao wenyewe. Nasi ndilo tunaloliombea sasa, kwa kutaja bei ya mbao, ya nyavu na ya taa mbele za Mungu bila haya.

Mama wa nafaka, umesema sala iingie ndani ya tendo. Kwetu iliingia kupitia akiba. Mtu mwenye njaa na asiye na mtaji akiambiwa "kataa tu kwa jina la Yesu" ameachiwa mzigo ambao kanisa zima lilipaswa kuubeba.

Mwalimu, Busia

Dada wa omena, nimelisoma andiko lako mara ya pili na nitalipeleka kwenye jumuiya yetu ndogondogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozikazia jumuiya hizo miaka ya 1970, walitaka majirani wasome Neno na kutenda jambo kuhusu maisha yao halisi. Sisi mara nyingi tunasoma, tunachanga, tunakunywa chai, tunaagana. Sasa nina swali kwa mwanzilishi wa uzi. Ukijua kwamba jirani yako sokoni, ndugu katika imani, ana mkebe uliogongwa kitako, unafanya nini? Na Jumapili ya Kibuye, ambayo ndiyo siku kubwa ya soko, unaifanyaje?

Mfanyabiashara wa nafaka, Kisumu

Dada wa omena, nimenyamaza kwanza kabla ya kukujibu. Umeupeleka uzi huu mahali ulipostahili kufika. Mimi nilizungumza kana kwamba kila mtu ana mkebe wake na uamuzi ni wake, na wewe umeonyesha kwamba wapo ambao mkebe umeshikwa na mwingine. Kama kuna akina mama wa Kibuye wanaosoma hapa, nafikiri vyama vyetu vya akiba vina deni kwa wenzetu wa ufuoni.

Mwalimu, naanza na Jumapili. Nimekubaliana na mwenzangu wa meza ya pili: yeye husali ibada ya kwanza ya asubuhi, mimi ya baadaye, na kila mmoja humuuzia mwenzake kwa kipimo kile kile na kumkabidhi fedha zote. Najua Ndugu yetu wa Homa Bay hufunga kabisa siku yake ya mapumziko, na namheshimu kwa hilo. Siku yangu ya kupumzika ni Jumatatu, na nimeilinda: siendi sokoni, sipokei simu za mizigo, na jioni nasoma Neno na wajukuu.

Kuhusu jirani, Mathayo 18 imetuelekeza twende tukaonane naye peke yetu kwanza. Nimewahi kufanya hivyo na dada mmoja, jioni, wateja wakiwa wameisha. Nilimsaidia kufunga magunia, kisha nikamwambia nilichokiona. Hakukana. Alisema kwamba wenye mikebe mizima hawapati faida, kwa kuwa mnunuzi hulinganisha bei na kamwe halinganishi kipimo, na aliyepunguza kipimo ndiye anayeonekana kuuza rahisi. Hoja yake ina uzito, na kumwambia tu "ogopa Mungu" kusingeiondoa. Kwa hiyo tulikwenda pamoja kwa wenzetu wa mstari wetu, na baada ya mazungumzo mengi, mengine ya hasira, tulinunua kwa pamoja mizani yenye muhuri wa maafisa wa vipimo. Inakaa kwenye meza ya katikati. Mnunuzi yeyote, aliyenunua kwa yeyote kati yetu, anaruhusiwa kuweka mfuko wake pale na kusoma kilo mwenyewe, na ikipungua, aliyemuuzia anaongeza hapo hapo bila maneno. Asubuhi kabla ya kufungua tunasimama tukiizunguka, tunasali kwa ufupi, na mmoja wetu anaweka jiwe la kilo moja kuona kama mshale unafika panapotakiwa.

Wapo waliokataa kujiunga. Wanauza mita chache kutoka kwetu, na tunaendelea kuwasalimu. Anayetaka kujua tulivyopata mhuri na ada zake aulize hapa, nitaeleza. Ofisi za kaunti hukagua mizani kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo na Mizani, na wafanyabiashara wadogo wanaweza kupeleka mizani yao siku za ukaguzi zinapotangazwa.